TAHARIRI: Mkono hujifunza, kodi ya nyumba haijifunzi

Kila mwaka, shule zinapokaribia kufunguliwa mwezi Septemba, cherehani za Goma hufanya kazi mchana na usiku. Wazazi wanatafuta mashati meupe na suruali au sketi za buluu. Wakuu wa shule wanaagiza kwa jumla. Mashirika yanayosaidia watoto nayo yanapita kwa mafundi yakiuliza bei. Katika kata ya Ndosho, komini ya Karisimbi, kwenye barabara inayoelekea Sake, ushonaji ni riziki ya familia nyingi, hasa za vijana na akina mama waliofundishwa kazi hiyo ili waweze kujitegemea.

Katika mazungumzo ya bei, swali moja halikosi: mkiisha kuzoea kazi, bei itashuka hadi wapi? Swali hilo ni la haki. Fundi aliyekwisha kushona sare 500, au inifomu kama wengi wetu tunavyosema, hatumii tena muda ule alioutumia kwa sare ya kwanza, na mteja naye anastahili kuona faida ya ujuzi huo. Tatizo ni namna jibu linavyopatikana. Mara nyingi watu huchukua gharama yote ya miezi michache iliyopita, huigawanya kwa idadi ya nguo, huona imeshuka, kisha husema itaendelea kushuka vivyo hivyo. Hesabu hiyo inachanganya vitu viwili visivyofanana: ujuzi wa mikono, na pesa ambazo mwenye nyumba, mlinzi na mtoza ushuru hudai kila mwezi, nguo ziwe nyingi au chache.

Msimamo wetu ni huu: karakana inayochanganya vitu hivyo viwili hujiuza kwa hasara bila kujua, na mfadhili anayeilazimisha kufanya hivyo anaivunja akidhani anaisaidia. Katika mji kama wetu, ambako kazi inaweza kusimama ghafla kwa sababu zisizomhusu fundi, kosa hilo ni ghali kuliko mahali pengine.

Hesabu iliyoanzia kwenye ndege

Mwaka 1936 mhandisi Mmarekani, T. P. Wright, alichapisha makala kuhusu gharama za kuunda ndege. Alionyesha kwamba kila mara jumla ya ndege zilizoundwa ilipoongezeka maradufu, gharama ya kazi ya mikono kwa ndege moja ilipungua kwa kiwango kilekile, takriban asilimia 20. Wachumi wakauita uhusiano huo mkunjo wa kujifunza, kwa sababu ukichorwa kwenye karatasi unateremka kwa kasi mwanzoni, kisha unalala polepole.

Neno la kushika hapo ni maradufu. Kutoka kitu cha 100 hadi cha 200 unapata punguzo moja. Punguzo la pili halipatikani kwenye cha 300 bali kwenye cha 400, na la tatu kwenye cha 800. Ndiyo maana fundi mpya huonekana anabadilika kila wiki, na fundi wa miaka 10 huonekana hajabadilika, ingawa wote wawili wanaendelea kujifunza.

Neno la pili la kushika ni kazi ya mikono. Wright alitenganisha kazi ya watu na malighafi, kwa kuwa havikushuka kwa mwendo mmoja. Waliomfuata hawakuwa waangalifu hivyo sikuzote. Wengi walichukua gharama nzima, pamoja na kodi, mashine na usimamizi, wakaipitishia mkunjo mmoja. Hapo ndipo makosa yalipoingia, na makosa hayohayo tunayaona leo katika daftari za miradi midogo.

Karakana ya mfano

Tuchukue karakana ya ushonaji ya Ndosho. Ni ya kubuni, na tarakimu zake ni za kufundishia tu. Kila fundi anaweza kuziondoa na kuweka zake.

Kitambaa, uzi na vifungo vya sare moja vinagharimu dola 3. Mafundi wanalipwa kwa saa. Sare ya 100 inahitaji kazi ya dola 4, na kila jumla ya sare inapoongezeka maradufu, kazi hupungua kwa asilimia 20. Kwa hiyo sare ya 200 inahitaji kazi ya dola 3.20, ya 400 dola 2.56, na ya 800 dola 2.05. Halafu kuna gharama zisizobadilika: kodi ya nyumba, mlinzi, marejesho ya mkopo wa cherehani, patanti na ada nyingine. Zote pamoja ni dola 300 kwa mwezi, ishonwe sare moja au zishonwe 400.

Mwezi wa kwanza karakana inashona sare 100, mwezi wa pili 100 nyingine, wa tatu 200, na wa nne 400. Tukipima gharama ya sare moja kila mwisho wa mwezi, tunapata hivi:

Mwezi wa kwanza: kitambaa dola 3, kazi dola 4, sehemu ya gharama zisizobadilika dola 3. Jumla dola 10.

Mwezi wa pili: kitambaa dola 3, kazi dola 3.20, gharama zisizobadilika dola 3. Jumla dola 9.20.

Mwezi wa tatu: kitambaa dola 3, kazi dola 2.56, gharama zisizobadilika dola 1.50. Jumla dola 7.06.

Mwezi wa nne: kitambaa dola 3, kazi dola 2.05, gharama zisizobadilika senti 75. Jumla dola 5.80.

Tuzisome sasa tarakimu hizi kama wanavyozisoma watu wawili tofauti.

Kosa la kwanza: kudhani vijana hawajifunzi

Mtu wa kwanza ni mwakilishi wa mradi anayekuja mwisho wa mwezi wa pili. Anaona jumla ya sare imeongezeka maradufu, lakini gharama imeshuka kutoka dola 10 hadi dola 9.20 tu. Ni punguzo la asilimia 8. Amesoma mahali fulani kwamba kazi ya namna hii inapaswa kushuka kwa asilimia 20. Anaandika katika ripoti yake kwamba wanafunzi ni wazito na mafunzo hayakuzaa matunda.

Kumbe vijana wamejifunza barabara. Kazi yao imeshuka kutoka dola 4 hadi dola 3.20, yaani asilimia 20 kamili. Kilichoficha maendeleo yao ni dola 3 za kitambaa na dola 3 za gharama zisizobadilika, ambazo hazikusogea kwa sababu miezi yote miwili ilitoa sare 100. Gharama hizo zikiwa nzito, hufanya mkunjo uonekane umelala, na aliyekaa kwenye mashine hulaumiwa kwa jambo la mwenye nyumba.

Lawama hiyo ina madhara. Mradi unaopimwa hivyo unaweza kufungwa mapema, wakati ambapo mikono ilikuwa ndiyo kwanza inashika kazi. Pesa za mafunzo zinakuwa zimetumika, na faida yake haivunwi na mtu yeyote.

Kosa la pili: kudhani kila punguzo ni ujuzi

Mtu wa pili anakuja mwisho wa mwezi wa nne. Huyu anafurahi. Anaona gharama imeshuka kutoka dola 10 hadi dola 5.80 wakati jumla imeongezeka maradufu mara tatu. Anapiga hesabu: ni punguzo la karibu asilimia 17 kila mara. Anaendeleza mstari: zikifika sare 1,600, gharama itakuwa dola 4.84. Anampa mwenye karakana mkataba wa dola 5 kwa sare, na mwenye karakana anatia sahihi akijua atabaki na senti 16 kwa kila moja.

Tutazame punguzo hilo limetoka wapi. Gharama imeshuka kwa dola 4.20. Katika hizo, mikono imechangia dola 1.95. Dola 2.25 zilizobaki, yaani zaidi ya nusu, zimetokana na jambo moja tu: dola 300 zilezile ziligawanywa kwa sare 400 badala ya sare 100. Hilo ni jema, lakini halina uhusiano na ujuzi. Ni wingi wa kazi, na wingi wa kazi si mali ya fundi. Uko mikononi mwa wateja, barabara na amani.

Mambo yakienda vizuri kabisa, karakana ishone sare 800 katika mwezi wa tano na jumla ifike 1,600, bado hesabu haifungi. Kitambaa dola 3, kazi dola 1.64, gharama zisizobadilika senti 37: jumla dola 5.01. Mkataba wa dola 5 umekuwa hasara hata katika mwezi bora kuliko yote.

Mambo yakienda vibaya je? Tuseme barabara imefungwa au shule zimeahirisha kufungua, na karakana imepata oda ya sare 100 tu. Mikono haijasahau kazi, nayo sasa inagharimu dola 1.97. Lakini dola 300 zimerudi kugawanywa kwa 100. Jumla inakuwa dola 7.97. Kwa bei ya dola 5, karakana inapoteza karibu dola 3 kwa kila sare, yaani karibu dola 300 kwa mwezi. Ni kana kwamba mteja amepewa bure kodi yote ya nyumba.

Na anayetaka kuona upungufu wa hesabu ile aendelee kuvuta mstari. Kwa punguzo la asilimia 17 kila mara, zikifika sare 12,800, sare moja itagharimu dola 2.81. Kitambaa chake peke yake ni dola 3. Mstari unaoahidi nguo rahisi kuliko kitambaa chake ulikuwa na kosa tangu mwanzo.

Hata wakubwa wameanguka hapo

Asidhani mtu kwamba haya ni makosa ya watu wasiosoma. Mwaka 1971 kampuni ya ndege ya Lockheed iliomba serikali ya Marekani iidhamini mkopo wa dola milioni 250. Ilikuwa inaunda ndege ya abiria ya TriStar, na wasemaji wake waliwaambia wabunge kwamba mradi ungerudisha gharama zake baada ya kuuza ndege 200 hivi. Kujifunza kwa wafanyakazi kulikuwa sehemu muhimu ya matumaini hayo, kwani kila ndege ilitarajiwa kuwa rahisi kuliko iliyotangulia. Mwaka 1973 mchumi Uwe Reinhardt alichapisha uchambuzi wa hesabu hizo. Alionyesha kwamba gharama za kubuni ndege, zilizolipwa kabla hata ya ndege ya kwanza kuuzwa, na gharama ya kukaa na mtaji huo kwa miaka mingi, hazikupewa uzito wake. Ukiziweka, ndege 200 hazitoshi kabisa. Lockheed iliunda TriStar 250, ikaacha, na mradi ukaisha kwa hasara kubwa.

Kabla ya hapo kulikuwa na meli za mizigo za Liberty, zilizoundwa Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Kwa miaka mingi zilitajwa vitabuni kama ushahidi bora wa kujifunza kazini, kwa kuwa muda wa kuunda meli moja ulipungua sana. Mwaka 2001 mtafiti Peter Thompson alirudi kwenye kumbukumbu za viwanda hivyo. Alikuta kwamba sehemu kubwa ya maendeleo iliyohesabiwa kuwa ujuzi ilitokana na mitambo mipya iliyoendelea kuwekwa, na tena ubora wa meli ulikuwa umeshuka. Anayenunua cherehani ya umeme katikati ya mradi ajifunze hapo: muda ukipungua, aulize kwanza ni mkono uliojifunza au ni mashine iliyobadilishwa. Mkono haulipiwi mkopo. Mashine inalipiwa.

Kwa nini Goma iogope zaidi

Kiwanda kilicho mahali tulivu kinaweza kufanya kosa hili na kisidhurike kwa miaka mingi, maana wingi wa kazi haushuki. Goma haina bahati hiyo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji na kuunguza maduka na nyumba. Mwezi Machi 2020 shule za nchi nzima zilifungwa kwa sababu ya korona, na aliyekuwa amenunua kitambaa cha sare akabaki nacho. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na siku chache baadaye maelfu ya watu waliamriwa kuhama. Mwishoni mwa Januari 2025 mji uliingia mikononi mwa M23. Benki zikafunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na kambi za wakimbizi wa ndani zilizokuwa magharibi mwa mji zikabaki tupu. Mwezi huohuo Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mashirika mengi yaliyokuwa yakiagiza bidhaa kwa mafundi wa hapa yakakosa pesa.

Katika kila tukio la namna hiyo, oda husimama. Kodi ya nyumba haisimami. Mkopo wa cherehani hausimami. Sehemu ya punguzo iliyotokana na wingi hupotea siku hiyohiyo. Sehemu iliyotokana na ujuzi hubaki, lakini nayo haibaki milele. Mwaka 2000 mtafiti Lanier Benkard, akichunguza takwimu za TriStar ileile, alionyesha kwamba kiwanda husahau: uzalishaji ukipungua na wafanyakazi wakiondoka, saa za kazi kwa ndege moja hupanda tena. Mafundi wetu wanaokimbilia Bukavu, Gisenyi au Kampala huondoka na ujuzi wao. Karakana inayofunguliwa upya kwa vijana wapya haianzi pale ilipoachia.

Kwa hiyo anayetaka kukadiria bei ya kesho hapa Goma anahitaji mistari miwili. Mmoja ni wa mikono, unaofuata jumla ya vitu vilivyotengenezwa tangu mwanzo. Wa pili ni wa gharama zisizobadilika, unaofuata vitu vinavyotengenezwa mwezi huu. Wa kwanza huteremka na hupanda mara chache. Wa pili hupanda na kushuka kila siku ya sokoni. Ukiwafunga kamba moja, utapata jibu zuri mwaka wa amani, na jibu la kufilisi mwaka wa vita.

Mfano mwingine uko juu ya nguzo

Wakazi wa Ndosho wana mfano wa pili karibu yao. Mwaka 2020 kampuni ya Nuru ilianza kutoa umeme kutoka kituo chake cha nishati ya jua katika kata hiyo, chenye uwezo wa megawati 1.3. Wengi wamesikia kwamba sahani za kunasa jua zinazidi kuwa rahisi duniani, na ni kweli. Kwa miongo kadhaa, kila jumla ya sahani zilizotengenezwa duniani ilipoongezeka maradufu, bei yake ilishuka kwa karibu sehemu moja ya tano. Ndiyo maana mtu huuliza: kama sahani zimeshuka bei hivyo, mbona umeme haushuki vivyo hivyo?

Jibu liko katika mistari ileile miwili. Sahani hujifunza viwandani, mbali na hapa. Nguzo, nyaya, mita, betri, usafirishaji hadi Goma, walinzi na mafundi wa zamu hawafuati mkunjo huo. Tena sahani zilizowekwa mwaka 2020 zilinunuliwa kwa bei ya wakati ule, na deni lake halipungui kwa kuwa za leo ni rahisi zaidi. Punguzo la leo litamfaa atakayejenga kituo kijacho. Bwawa la Matebe kwenye mto Rutshuru, lililofunguliwa Desemba 2015 likiwa na uwezo wa zaidi ya megawati 13, linaonyesha jambo hilo waziwazi zaidi: maji hayanunuliwi, kwa hiyo karibu gharama yote ni ya ujenzi na matunzo. Kinachoshusha gharama ya uniti moja katika miradi hiyo ni idadi ya uniti zinazouzwa. Waya ukikatika kwa vita, gharama ya kila uniti inayobaki hupanda.

Hatusemi kwamba bei ya umeme ya leo ni ya haki. Tunasema kwamba mwananchi hawezi kuijadili kama haonyeshwi mistari miwili: ipi ni gharama ya mtambo uliokwisha kujengwa, na ipi inapaswa kushuka kadiri kampuni inavyozoea kazi. Kampuni inayoomba imani ya wateja itoe hesabu hizo kwa lugha ya kueleweka.

Wanaopinga wana hoja yao

Kuna watakaosema kwamba hesabu hii itawapa mafundi kisingizio cha kupandisha bei, na mzazi mwenye watoto watano ndiye atakayelipa. Hoja hiyo ina uzito. Tangu elimu ya msingi ya serikali ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019, watoto wengi zaidi wameingia darasani, na sare imebaki kuwa mzigo wa familia. Bei lazima ishuke pale inapoweza kushuka.

Lakini kutenganisha gharama kunamlinda mzazi pia. Fundi anayejua kwamba kazi yake imeshuka kutoka dola 4 hadi dola 2 hana sababu ya kuendelea kutoza kazi ya dola 4. Mteja anayejua kwamba gharama nyingine inategemea wingi anaweza kujiunga na wateja wenzake na kuagiza pamoja, mapema, na hivyo kupata punguzo la kweli. Shule tatu za Ndosho zikiagiza sare zao kwa fundi mmoja mwezi Juni badala ya kila moja kukimbilia kwake Agosti, dola 300 zinagawanywa kwa nguo nyingi zaidi na kwa miezi mingi zaidi. Hapo bei imeshuka bila mtu kudhulumiwa.

Wengine watasema kwamba mafundi wetu wengi hulipwa kwa kipande, si kwa saa, kwa hiyo mkunjo wa kujifunza hauwahusu. Unawahusu, ila kwa njia nyingine. Fundi akilipwa dola 2 kwa sare, ujuzi wake haumpunguzii mwenye karakana gharama hata senti moja. Unampa fundi mwenyewe nafasi ya kushona nguo nyingi zaidi kwa siku. Mfadhili anayetarajia bei ishuke katika karakana ya namna hiyo, kwa kweli anatarajia malipo ya kipande yakatwe. Kama ndilo analolitaka, aseme hivyo mbele ya mafundi, asilifiche ndani ya mstari uliochorwa kwenye kompyuta.

Nani afanye nini

Kwa wenye karakana: wekeni daftari mbili, hata zikiwa za shule za kurasa 48. Moja iandikwe saa za kazi kwa kila fungu la nguo. Nyingine iandikwe kila pesa inayotoka hata siku ambayo hakuna nguo iliyoshonwa. Msitoe bei ya mwaka mzima kwa kutumia mwezi wenu bora. Itoeni kwa kutumia mwezi wa kawaida, na mjue ni nguo ngapi lazima zishonwe ili kodi ya nyumba ilipike.

Kwa mashirika na wafadhili: acheni kudai punguzo moja la asilimia kwa gharama nzima. Daini punguzo kwenye kazi, ambako lipo, na mkubaliane bei kulingana na idadi: oda ikiwa kubwa bei hii, ikiwa ndogo bei ile. Oda ikisitishwa na mteja, alipe sehemu ya gharama zisizobadilika za mwezi huo. Na msimhukumu mwanafunzi kwa gharama ya nguo nzima. Mhukumuni kwa saa alizotumia na kwa ubora wa mshono wake.

Kwa wanaotoza ushuru, wawe nani na wawe chini ya bendera gani: kila ada isiyojali kama fundi ameuza au hakuuza inaongeza zile dola 300. Ada ya namna hiyo humlemea zaidi mwenye oda chache, yaani mdogo na anayeanza. Ushuru unaofuata mauzo huumiza kidogo zaidi wakati wa neema, na humwacha mtu hai wakati wa dhiki.

Kwa vituo vya mafunzo ya ufundi: wafundisheni vijana hesabu hii katika wiki ileile mnayowafundisha kukata kitambaa. Haihitaji kompyuta. Inahitaji kujumlisha, kugawanya, na kujua tofauti kati ya kitu kinachoongezeka na kazi na kitu kisichojali kazi.

Oda za msimu ujao zitaanza kujadiliwa kabla ya mwisho wa mwaka wa shule. Kabla ya kutia sahihi, kila fundi wa Ndosho aweke mezani karatasi yenye safu tatu, kitambaa, kazi na gharama zisizobadilika, na amwombe mteja aonyeshe ni safu ipi anataka ishuke. Akionyesha kazi, wazungumze. Akionyesha gharama zisizobadilika, alete oda kubwa. Akionyesha jumla peke yake, hesabu haijakamilika, na sahihi isubiri.